Mbuzi Aliyetoboa Paa

Mjukuu wangu Neema,

Shikamoo yako imefika Kiomboi, marahaba. Sisi wazima, babu yako anagombana na jogoo tu.

Umeniuliza ufanyeje baada ya kukosa kazi uliyoitegemea. Siku babu yako alipokuja kunichumbia na wazee wake, mbuzi wetu alipanda juu ya tembe, nyumba yetu ya paa bapa, kula mtama tulioanika. Paa la udongo lilikuwa limekauka juu tu, ndani bado bichi kwa mvua ya juzi. Akatumbukia ndani, akamwaga chungu chote cha mchuzi. Nikakimbilia zizini kulia. Mama hakuninyamazisha. Alikaa nami mpaka nikamaliza, akasema, "Haya, twende tukapike tena."

Tuliporudi, mchumba alikuwa juu ya paa, anaziba tundu kwa udongo. Aliziba vibaya, likavuja miaka yote. Nikaolewa hivyo hivyo!

Lia umalize, mama. Mimi nimeshabandika maji.

Bibi yako