Uliyecheka Naye Mtoni

Uingereza, Februari 1998

Mke wangu Mwajuma, Mama Zawadi,

Assalaam alaykum. Naanza na kukujulia hali, maana mama alinikataza kumrukia mtu na maneno kabla sijamwuliza kaamkaje. Hujambo? Zawadi hajambo? Kifua cha mama mkwe kimetulia, au bado anakohoa na dawa za hospitali anazikataa? Mie mwili mzima. Moyo usiuulize, nitakueleza mwenyewe.

Barua yako nimeipata. Umefungua genge mbele ya nyumba, vizuri sana. Jirani kanunua televisheni na mtaa mzima mmehamia sebuleni kwake, hayo nayo nimeyasikia. Lakini leo sijibu barua hiyo. Leo nina ugomvi na wewe, Mwajuma. Kaa chini usome mwenyewe, na usimpe Zawadi akusomee.

Unajua kwamba nilitolewa kwenye kufagia nikapelekwa chini ya maktaba ya chuo, kwenye nyaraka za kale. Huko ndiko viliko vitabu adimu, vile ambavyo vimebaki kimoja kimoja duniani. Kitabu kinalazwa juu ya mto kama mgonjwa. Anayekuja kukisoma ananyang'anywa kalamu ya wino mlangoni, anapewa penseli. Ukutani kuna chombo cha kupima unyevu, usizidi wala usipungue. Kuna misahafu ya pwani yetu, imeandikwa kwa mkono, pembeni imepakwa rangi nyekundu na nyeusi, kila mmoja una boksi lake na namba yake. Na mie ninayeifuta vumbi naishi kwenye chumba ambacho hita yake ikizimika nalala na koti. Sikufichi, wivu niliuanzia hapo, kwa makaratasi.

Sasa wameleta mambo ya kompyuta. Kuna mashine ina kioo juu. Unalaza picha kifudifudi, mwanga unapita chini yake, picha inatokea kwenye kompyuta. Wanasema miaka ijayo mtu yeyote mwenye kompyuta, awe Japani au awe wapi, ataziona picha hizo akiwa kwake. Kazi yangu ni kulaza, kungoja mwanga, kuinua, kulaza nyingine, mikononi nimevaa glavu nyeupe kama bwana harusi.

Bosi wangu, Bi Margaret, mama mtu mzima mwenye sauti ndogo, alinipa maboksi ya daktari mmoja Mzungu aliyekaa Temeke zamani, kabla mie na wewe hatujajuana. Huyo daktari inaonekana akimaliza kutibu alikuwa anapiga picha. Kafariki, watoto wake wakaleta kila kitu maktaba. Bi Margaret akaniambia, "Saidi, wewe ni mtu wa huko. Chochote unachokitambua, niandikie."

Nikafurahi we! Nikaiona Barabara ya Kilwa haina hata gari. Nikaiona foleni ya sukari, watu wamepanga mawe na vikapu kushika nafasi. Nikauona uzio wa machinjio ya Vingunguti nyumbani kwetu, na mbwa wale wale. Nilikuwa nacheka peke yangu kule chini, wenzangu wakadhani nimepata barua ya mapenzi.

Basi Jumanne, baada ya chai, nikalaza picha nyingine. Mwanga ukapita. Nikatazama kompyuta, nikakuona wewe.

Usiniambie si wewe. Kovu la nyusi lipo. Mwanya upo. Uko Mtoni, uani, kwenye harusi, nyuma kuna masufuria ya pilau na turubai. Una miaka kumi na saba, kumi na nane. Na pembeni yako kuna mwanamume. Kijana mrefu, shati kifua wazi, kichwani kajivika kawa la kufunikia chakula kama taji la mfalme, kiunoni kajifunga kanga ya kike. Mkono wako, Mwajuma, uko begani kwake. Umeegemea. Kichwa umekirudisha nyuma, unacheka mpaka macho yamefumba.

Nyuma ya picha daktari kaandika kwa penseli, kwa Kizungu: wanandoa wenye furaha, Mtoni.

Wanandoa! Niliisoma mara ya kwanza, nikaisoma tena. Nikavua glavu, nikazivaa. Mke wangu wa ndoa, niliyemposa kwa heshima zote, Japani watakuja kumwona ni mke wa mtu mwenye kawa kichwani.

Bi Margaret akapita, akasimama nyuma yangu.

"Picha nzuri sana hiyo," akasema. "Unawajua?"

"Mmoja namjua."

"Yupi?"

"Huyo mwanamke."

"Ni ndugu yako?"

Nikasema, "Jirani." Nikakukana mbele ya kompyuta. Ningesemaje? Ningesema huyu ni mke wangu, na huyo anayemchekesha simjui? Akasema, "Basi ukilipata jina la mumewe tuandike." La mumewe! Nikaitika, "Ndiyo mama," nikainama kufunga boksi ambalo lilikuwa limeshafungwa.

Najua utakachosema. Utasema huyo ni mtani, Mnyamwezi, na kwenye harusi za Wazaramo watani hawazuiwi, wanabeba sufuria, wanavaa kanga za watu, wanajifanya ndio bwana harusi mpaka wapewe chochote waondoke. Hayo nayajua, nimezaliwa nayo. Mzungu hayajui, kaona mwanamume kajifanya bwana harusi, kaona msichana kamshika bega, kaandika alichokiona. Sawa. Lakini wewe uliniapia kwamba shangazi yako alikuwa mkali, hakukuruhusu harusini hata kuchungulia ukutani. Uliniapia hivyo tukiwa tumekaa kwenye mkeka, mwezi wetu wa kwanza. Mie nikajisifu kwa wenzangu kwamba nimeoa mtoto wa ndani. Sasa mtoto wa ndani huyu hapa, yuko uani kwa watu, kashika bega!

Ilibidi nimwambie mtu, nisipasuke. Nikamweleza Hemedi, yule wa Tandika anayeendesha basi hapa mjini, uliwahi kumpa salamu aniletee. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akacheka mpaka akakaa chini.

"We braza, una akili? Unamwonea wivu mtu aliyevaa kawa?"

"Nacheka nawe?"

"Picha ya zamani hiyo! Hata posa hujapeleka. Huyo jamaa saa hizi ana kitambi na wajukuu."

"Mwenyewe ungeona vile anavyocheka usingesema hivyo."

Akaniuliza, "Kwani kwako hachekagi?"

Mke wangu, hilo swali limenikaa rohoni kama mwiba wa samaki. Maana nimefikiri, nimefikiri tena. Kwangu unacheka, ndiyo. Lakini kwangu unafunikaga mdomo kwa upindo wa kanga. Nikikuchekesha, unageuza uso ukutani. Mwanya wako mie mumeo nauonaga ukiwa unapiga mswaki! Na huyu bwana anauona wote, mchana kweupe, na daktari kauona, na sasa Bi Margaret kauona, na picha yako inatunzwa kwenye ubaridi wa kipimo, ndani ya karatasi laini, hakuna mkono mtupu unaoruhusiwa kuigusa. Nina wivu na yule kijana. Nina wivu na daktari aliyekuwepo. Nina wivu hata na lile boksi, Mwajuma, na hapa nisamehe, maana najua ni upuuzi.

Jana Bi Margaret kaniuliza tena juu ya lile jina, maana nafasi ya jina imebaki wazi kwenye kompyuta na wao hawapendi nafasi wazi. Nikamwambia ukweli. Nikasema, "Mama, hao si wanandoa. Huyo mwanamke ni mke wangu." Alinitazama, akaitazama picha, akanitazama tena. Hakucheka, namshukuru. Akauliza, "Sasa tuandike nini?" Tukayafuta yale maneno ya daktari kwenye kompyuta, nyuma ya picha yenyewe hairuhusiwi kufuta. Nikaandika jina lako kamili na la baba yako, harusini, Mtoni, Temeke. Upande wa yule bwana tumeacha wazi. Ukiniletea jina lake nitaliandika kwa mkono wangu mwenyewe, na nitaandika mtani kama ni mtani. Na kama si mtani, Mwajuma, niambie pia. Nitaumia, lakini sitaandika uongo kwenye kitu ambacho watu watakisoma sisi tukiwa hatupo.

Bi Margaret akanipa nakala, kaitoa kwenye kompyuta, kubwa na safi. Miaka yote hii nakaa na ile picha yako ya pasipoti uliyokunja uso kama unadaiwa. Nilifika nayo chumbani, nikachukua mkasi, nikasema huyu bwana leo namwondoa. Nikaweka mkasi katikati yenu. Halafu nikaona, nikimkata yeye, wewe utabaki umeegemea hewa na unacheka na ukuta. Kicheko chote kinamwendea yeye. Nikaurudisha mkasi. Mko wote wawili ukutani juu ya kitanda changu, na asubuhi yeye ndiye wa kwanza kunitazama.

Nisalimie mama mkwe, mwambie anywe dawa. Nisalimie kaka yangu wa Vingunguti na shemeji, na shangazi yako wa Mtoni, ambaye inaelekea hakuwa mkali hivyo. Zawadi mwambie baba kaiona shule aliyoichora nyuma ya barua yako, imekaa sawa, isipokuwa bendera. Jirani wa televisheni msalimie pia, ila usizoee kukaa kwake mpaka taarifa ya habari iishe.

Jina la yule bwana niletee kwa ajili ya maktaba. Kwa ajili yangu nina swali jingine, nalo ndilo linalonisumbua kuliko jina. Hapo alikuwa kakuambia nini? Mdomo wake uko wazi, ndiyo kwanza kamaliza kusema. Jikumbushe, Mwajuma, kama ilivyotoka, uniandikie neno kwa neno. Mkataba wangu unaisha mwezi wa saba, wanataka niongeze na sijatia sahihi. Nataka nirudi nikae na wewe uani, nikuambie hayo hayo, nione kama kanga itafika mdomoni.

Ni mie mumeo, mwenye wivu na mwenye kukupenda,

Saidi, Baba Zawadi