Wimbo wa Mama Yako Haukuisha

Jabe, Bujumbura

Kwa mutoto wangu Olga, huko Kigoma,

Mi bado nasimama mwenyewe, fimbo sitaki. Zile mashini za masikio ulizonitumia kwa boti zilifika. Hapa Jabe hakuna mutu ana kama hizo. Nasikia mpaka jirani akichambua muchele.

Juzi tulimaliza matanga ya mama yako. Régis, mutoto wa shangazi yako, alitaka kunikazia nyuzi za inanga. Nikamwambia, "Apana! Inanga hii niliipigia maaskofu we hujazaliwa." Nikakaza mwenyewe, mashini masikioni, mpaka zikalia sawa.

Olga, zililia sawa kwangu tu. Nilianza wimbo wa mama yako, ule wa kunong'ona, watu wote wakasogea karibu. Halafu wakaanza kuangalia chini. Médiatrice, dada ya mama yako, akaweka mukono juu ya nyuzi. "Shemeji, imetosha. Inalia vibaya. Tuombe tu." Hiyo nilisikia vizuri sana.

Nyumbani nilitoa mashini, nikaegemeza taya kwenye ubao wa inanga nisikie kwa mufupa, nikapiga. Kweli, nyuzi zote zilikuwa zinalia kombo. Ni mashini inapinda sauti. Mutu asikuambie eti nimezeeka.

Lakini tangu siku ile sijaigusa, na Régis simuombi. Ukipata boti, kuja uikaze kwa masikio yako we. Nataka kumumalizia mama yako wimbo wake.

Mi baba yako, mupiga inanga,
Népomuscène