Keki ya Mchangia Damu

Bev, mbona hupokei simu? Basi nakuachia ujumbe. Niko garini nje ya kanisa, kioo kimejaa theluji, hata sijawasha gari.

Wamenipa keki. Mimi, na kisukari changu hiki. Keki nyekundu yenye umbo la tone la damu.

Marlys ndiye aliyenitia kwenye haya. Si anajitolea pale mapokezi hospitalini? Kila mwezi ananiona nikitoka na bandeji mkononi, akajiamulia kwamba huwa naenda kuchangia damu. Leo baada ya ibada, watu wanakunywa kahawa ukumbi wa chini, akagonga kikombe. "Vernice, mama, usijifiche. Njoo mbele."

Njoo mbele, Bev. Na magoti yangu haya. Nilifika makofi yameshaisha, ikabidi waanze upya.

Nilitaka kusema ukweli. Lakini nianzie wapi? Hii saratani yangu ya damu ni ya nadra, hata daktari wangu wa sukari ilibidi akaisome kwanza. Nimechoka kuieleza.

Ndiyo kwanza nafungua mdomo, mzee Harlan akanishika mkono. Unakumbuka mkewe aliongezewa damu mwaka jana. Akasema, "Pengine ni yako iliyomrudisha Irene wangu. Asante, dada."

Nikasema karibu. Bev, nilisema karibu.

Damu yangu wanaitoa kwa sababu ni nzito mno, kisha wanaitupa pamoja na taka za hospitali. Miaka yote hii, leo ndiyo mara ya kwanza mtu kuishukuru.