Mchele wa Wengine Ndani ya Mkebe Wangu

Mpendwa Mshauri,

Naomba msaada wako, lakini kwanza naomba unisamehe kwa kimya changu cha zaidi ya mwaka. Uliponijibu gazetini baada ya msiba, uliniagiza nikuandikie kila baada ya miezi miwili nikueleze hali yangu, nami sikuandika hata mstari mmoja, si kwa kukudharau, bali kwa sababu kila nilipoketi na kalamu niliona kwamba nitalazimika ama kukudanganya ama kukueleza haya ninayokueleza leo.

Mimi ni yule mjane ambaye mume wake, shemasi Za Bik, alifukiwa na mlima. Mvua ilikuwa imenyesha siku kumi na moja, naye asubuhi ile alipiga magoti jikoni, akaomba, akachukua jembe na kwenda kuzibua mfereji wa matuta yetu ya mpunga ili maji yasivunje kingo, na mlima ukashuka juu yake na juu ya matuta yote, tukachimba siku tisa tusimpate. Alikuwa ameomba, Mshauri. Hilo ndilo linaloniumiza usiku na mchana. Hakwenda kule kama mlevi. Alikwenda akitoka kwenye magoti yake.

Wewe uliniandikia nimtumaini Mungu na nisimame imara kwa kuwa watu wananitazama, na ni kweli walikuwa wananitazama, nami nikasimama, na kusimama kwenyewe ndiko kulikonifikisha hapa.

Wajua kwamba mimi ndiye ninayepita na kikapu kila Jumamosi upande wa juu wa kijiji kukusanya mchele wa kanisa, ile konzi moja ambayo kila mwanamke huitenga anapopima mchele wa kupika na kuitia mkebeni. Nyumba ni kumi na nne, na ya mwisho ni yangu. Baada ya matuta kuzikwa, mchele uliisha nyumbani. Mimi na binti yangu Thluai tunakula mahindi, na yakipungua tunachimba viazi vya porini, na asiyepika wali hana konzi ya kutenga. Jumamosi ya kwanza ya namna hiyo nilifika kwangu na kikapu mgongoni, nikamkuta Bibi Ngun Tial, mwenyekiti wetu wa akina mama, amekaa barazani ananisubiri. Nikamwambia, "Bibi, leo kwangu..." Sikumaliza.

"Leo kwako nini? Umechoka? Lete mkebe twende, mvua hiyo inakuja. Nyumba nyingine zina mapengo kama kinywa changu, lakini kwa Mama Thluai najua hapakosi."

Nikaingia jikoni na kikapu changu. Nilisimama mbele ya mkebe mtupu, nikasikia anakohoa kule nje, nikachota konzi kadhaa kutoka kikapuni, mchele wa majirani zangu, nikautia katika mkebe wangu, nikatoka nao barazani na kuumimina tena kikapuni mbele ya macho yake. Sikula hata punje moja, Mshauri, nakuapia. Lakini nimefanya hivyo kila Jumamosi tangu siku ile.

Kisha mchungaji akasikia. Akahubiri kwamba iko nyumba katika kijiji hiki iliyopoteza baba na shamba kwa siku moja, na mkebe wake haujawahi kutoka mtupu, na watu wakageuka kunitazama, na mimi nikainamisha kichwa, nao wakadhani ni unyenyekevu. Ukweli ni kwamba siombi tena. Wakati wa nyimbo nafungua kinywa tu, sauti haitoki. Mungu kwangu amekuwa kama nyumba ambayo nabisha hodi mlangoni, naona kabisa moshi unatoka paani, na hakuna anayefungua.

Haya yote ningeweza kuyabeba hadi kaburini kama yangeniumiza mimi peke yangu. Jirani yangu Hlei Sung, tunayemwita Mama Par, matuta yake nayo yalikwenda na mlima ule ule. Mume wake yuko mbali anatafuta kazi na hajaleta habari. Yeye hupata mchele kidogo kwa kufua nguo za walimu, anapika konzi nne kwa siku, yeye na mtoto wake Par wa miaka minne, na kabla ya kupika huiondoa moja ya kanisa. Nilimwambia, "Mpe mtoto wali wote, shoga yangu, Mungu hatakuandikia kosa."

Akanicheka. "Haya, sikilizeni! Mtu mwenyewe hana mume, hana shamba, na anatenga kila siku, halafu mimi niile konzi ya Bwana? Unataka uende mbinguni peke yako, Mama Thluai? Wewe ukiweza, na mimi nitaweza."

Mwezi uliopita muuguzi alipita kijijini. Alibonyeza mguu wa Par kwa kidole, na shimo likabaki pale pale. Akamwambia mama yake kwamba mtoto huyu hana ugonjwa, ana njaa, na akiendelea hivi hataumaliza msimu wa baridi. Na Jumamosi iliyofuata Mama Par alinimiminia mchele wake kikapuni huku anatabasamu, nami nikaupokea.

Sasa kanisa limenichagua nitoe ushuhuda siku ya shukrani ya mavuno, Jumapili ya nne kuanzia leo, nieleze jinsi nilivyomtumaini Mungu katika taabu. Nikisimama na kusema kweli, nitavunja imani ya kijiji kizima. Nikisimama na kudanganya, sijui kama nitashuka mimbarini nikiwa mtu. Nimefikiri kumchukua Thluai usiku mmoja na kushuka bondeni kwa kaka yangu bila kuaga. Niambie nifanye nini, na kama waweza niambie pia kama kuna mtu ndani ya nyumba ile ninayobisha hodi.

Mimi,
Mama Thluai

*

Mama Thluai,

Nakujibu kwa barua ya mkononi kabla ya kuchapisha lolote, kwa sababu mguu wa mtoto hauwezi kusubiri toleo la mwezi ujao. Haya yatakapotoka gazetini, yatatoka kwa majina mengine.

Nianze na kosa langu. Nilikuandikia kwamba usimame imara kwa kuwa watu wanakutazama. Lilikuwa neno baya. Mjane wa wiki tatu hapaswi kupewa kazi ya kutazamwa. Nilipaswa kukuuliza kama mna chakula. Nimekuwa mzee wa kanisa miaka thelathini na minne, na sikuuliza. Naomba radhi.

Sasa keti unisikilize, maana sitakubembeleza. Unasema hukula hata punje, kana kwamba hilo linakusafisha. Ulichukua konzi ya mwanamke mwenye njaa ukaiita yako. Huo ni wizi, na aliyeibiwa ni yule yule uliyemwita shoga. Tena ulijinyima wewe na binti yako. Mchele ule unaokusanya hauendi wote kwa wahubiri; sehemu yake huwekwa ghalani kwa ajili ya wajane na wagonjwa. Wewe umekuwa ukiupeleka ghalani mgongoni kwako Jumamosi hadi Jumamosi, na wewe ni mjane. Ungemtolea Bibi Ngun Tial mkebe mtupu siku ile ya kwanza, angeng'aka kidogo, ninamfahamu, kisha angekuletea debe zima kabla ya jioni. Ulimwomba Mungu akusaidie na ukawaficha shida yako watu wote ambao angewatuma kwako.

Kuhusu mashaka yako sitakukemea. Umeniuliza kama kuna mtu ndani ya nyumba ile. Nina miaka sabini na mitatu. Nimezika watoto wawili. Kwa yule wa kwanza nilipata faraja baada ya muda. Kwa yule wa pili sijapata jibu hadi leo, na ni miaka ishirini na sita. Bado naamini yumo. Siwezi kukuthibitishia, na atakayekuambia kwamba anaweza, usimfungulie mlango. Ninachojua ni kwamba Bwana wetu mwenyewe, pale msalabani, aliuliza kwa sauti kuu kwa nini ameachwa, na aliuliza mbele ya umati, mama yake akiwemo. Hakusubiri kwanza awe na ushuhuda mzuri. Kwa hiyo mtu anayemlilia Mungu kwa hasira bado anamtumaini, kwa sababu bado anazungumza naye. Wewe umenyamaza kwa Mungu, ukawa unazungumza na macho ya watu. Rudi. Kama huna maneno, piga magoti pale pale alipopiga mume wako, useme, "Sina la kusema," kisha unyanyuke ukapike. Fanya hivyo kila siku. Hiyo ni sala kamili.

Unaogopa kuvunja imani ya kijiji. Usijipe cheo hicho. Imani inayoning'inia kwenye mkebe wako ni afadhali ianguke sasa, kabla mtoto hajazikwa kwa ajili yake.

Fanya hivi. Ukimaliza kusoma barua hii, usiikunje ukalale nayo. Nenda kwa Mama Par leo, kabla ya kwenda kwa mchungaji na kabla ya kufikiria mimbari. Mwambie yote kwa mdomo wako, usimtume mtu. Mwambie apike konzi zote nne. Akikutukana, nyamaza, ana haki. Kisha mkabidhi mwenyekiti kikapu, na umweleze kwamba nyumba mbili za upande wa juu zinahitaji mchele wa ghalani wiki hii. Bondeni kwa kaka yako usiende. Kukimbia usiku kutamfanya Mama Par aendelee kutenga kwa heshima yako.

Kuhusu Jumapili ya mavuno, waweza kusimama ukasema kweli, au waweza kukataa kusimama. Njia zote mbili ni halali mbele za Mungu. Ya tatu unaijua, nami nakukataza.

Mshauri wako,
Mzee Hrang Cung

*

Mpendwa Mshauri,

Nilikwenda siku ile ile, kama ulivyoagiza. Mama Par alikuwa anachambua mchele kwenye ungo, Par amelala kwenye mkeka karibu na moto. Nilimwambia nikiwa bado nimesimama mlangoni, kwa sababu nilijua nikiketi nitaanza kuzungumza mambo ya mvua.

Hakunitukana. Ningependa angenitukana. Aliacha mkono ndani ya ungo, akauliza, "Kwa hiyo sisi tulikuwa tunamfuata nani?"

Nikamwangalia Par pale mkekani.

Akasema, "Mwaka mzima, Mama Thluai. Mwaka mzima nilikuwa nikimnyang'anya mtoto, najiambia, jirani yangu anaweza."

"Ndiyo," nikasema.

"Usiseme ndiyo! Sema kitu kingine!"

Nikasema sina la kusema. Ni yale maneno uliyoniambia nimwambie Mungu, na kabla ya siku ile sikuwa nimemwambia mtu yeyote, wala Mungu mwenyewe. Mama Par akageuza uso kuelekea ukutani. Baadaye akainuka, akamimina mchele wote chunguni bila kupima, akakoleza moto, na ulipoiva akamwamsha Par. Mtoto alikula akaomba tena, akapewa, akala mpaka akasinzia na tonge mkononi. Mimi sikukaribishwa, wala sikufukuzwa, nikabaki mlangoni hadi mwisho.

Kikapu nimekikabidhi. Bibi Ngun Tial aling'aka, siyo kidogo, akaniita majina ambayo sikudhani anayajua, na jioni mchele ulifika katika nyumba zote mbili. Thluai aliuliza kama ni sikukuu. Mama Par hajanisemesha tangu siku ile. Asubuhi napiga magoti pale uliponiambia na kusema yale maneno yako, na bado hakuna anayefungua.

Mchungaji anajua sasa. Amesema nafasi ya ushuhuda haijapewa mtu mwingine, wala hatanilazimisha. Zimebaki siku tisa. Watu wa upande wa chini bado wananisalimia kwa heshima barabarani, kwa sababu bado hawajasikia, na kila salamu ni kama kofi. Nikifikiria kusimama, nawaza tena njia ya bondeni. Nikifikiria kutosimama, nasikia swali la Mama Par, na nadhani kila mwanamke mle kanisani ana haki ya kuniuliza swali hilo uso kwa uso.

Sijaamua. Nikishaamua nitakuandikia, na safari hii sitakaa kimya.

Mama Thluai