Mabati ya Risper

Homa Bay,
Jumapili.

Mdogo wangu mpendwa Oliver,

Pokea salamu zangu, wewe, shemeji Risper na watoto. Natumaini mu wazima, na kwamba kikohozi cha Kezia kimeisha bila zile sindano zangu anazoziogopa. Mimi nipo. Habari za afya yangu nitakueleza huko mbele.

Najua unashangaa kupata barua badala ya simu. Kwa simu ungeniuliza swali lile lile, nami ningekujibu uongo ule ule, kwamba mwaka huu nakuja Uriri kufungua boma langu, ili nawe upate kufungua lako. Umengoja hadi watoto wamekuwa wakubwa ndani ya kijumba chako cha ujana, pale karibu na lango la baba. Wazee walikuambia mdogo hawezi kujenga kabla ya mkubwa, ukatii. Mkubwa mwenyewe alikuwa Geneva akihutubia.

Mradi wetu wa dawa za UKIMWI umefungwa, omera, ndugu yangu. Wafadhili wamejitoa. Juzi nilikwenda Sindo nikakuta kliniki yetu ina kufuli. Nikavuka ziwa hadi kisiwa cha Mfangano, na muuguzi wetu Metrine akanieleza kwamba kina mama sasa wanagawana vidonge vya ARV, huyu leo, yule kesho. Aliniuliza afanye nini. Mimi, profesa niliyefundisha madaktari wa mabara matatu, nilimwambia avumilie. Alinishukuru kwa adabu, na adabu yake ikaniuma kuliko matusi. Maisha yangu yote niliyatia katika kazi ile, na sioni kitakachobaki.

Sasa la afya. Nina saratani ya ini, na imeshaenea. Wenzangu hospitalini wananibembeleza kwa maneno laini, wakisahau kwamba maneno hayo niliwafundisha mimi. Desemba sitaiona.

Unajua desturi yetu. Mwanamume asiye na nyumba lazima asimamishiwe kibanda kabla maiti yake haijaingizwa nyumbani. Nakujua, ungekisimamisha kwa yale mabati mapya uliyoyaegemeza ukutani miaka yote hii ukiningoja. Usiyaguse kwa ajili yangu. Mwili wangu nimeuachia chuo cha udaktari Nairobi, wanafunzi wajifunzie. Nimeshatia sahihi. Hakutakuwa na jeneza wala kaburi. Pengine hii ndiyo kazi yangu pekee ambayo hakuna mfadhili wa kuifunga.

Utakasirika, na ni haki yako. Kutoka hapa hadi kwako ni safari ya asubuhi moja tu, lakini sina uso wa kuja kukuambia haya nikiwa nimeketi ndani ya kijumba hicho.

Nisalimie majirani wote. Risper mwambie apande pale mlimani mtakapofungua boma lenu, achague mahali pa jiko lake. Jengeni, msiningoje tena.

Ni mimi kaka yako,
Tony