Mishono Kumi na Sita Tumboni mwa Chatu Wangu

Jumatano. Mvua inanyesha Bukavu tangu asubuhi, na ziwa halionekani kabisa dirishani. Nimechoka mwili, nimechoka na kichwa.

Leo ni siku ya tisa tangu Sifa apasuliwe. Sifa ni chatu wangu. Mimi ni mwalimu wa biolojia. Nilimchukua miaka sita iliyopita, akiwa mwembamba kama kidole, kwa wakulima wa Sange waliotaka kumuua. Majuzi mayai mawili yalimkwama tumboni, akaacha kula, akavimba. Daktari wa mifugo, aliyezoea ng'ombe na mbuzi, alimpasua huku akisoma maelezo kwenye simu. Mishono kumi na sita.

Tangu siku ile naishi kwa ratiba yake. Hapaswi kupata baridi, na umeme hapa Kadutu unakuja unavyotaka. Basi nachemsha maji kwenye mbabula, jiko dogo la makaa, najaza chupa, nazizungushia kitambaa, naziweka kando yake. Yakipoa, naanza upya. Hata wakati wa mapumziko shuleni napanda mbio ile njia ya matope, nabadilisha chupa, narudi darasani nikihema.

Niseme ukweli. Jana nilitamani afe.

Nilimtazama amelala bila kusogea, nikawaza: akifa, nitapumzika. Kisha nikaona aibu.

Leo ilikuwa siku ya sindano, kazi ya watu wawili: mmoja anashika, mwingine anachoma. Mume wangu ndiye hushika, lakini yuko Luhwindja kikazi na barabara imeharibika kwa mvua. Nilimwomba jirani, Papa Aristide. Akacheka, akafunga mlango. Nikakaa chini kando ya sanduku la Sifa, sindano mkononi, nikalia.

Mama yangu anaishi nasi tangu baba afariki. Hajawahi kukanyaga chumba cha Sifa hata siku moja. Alisimama mlangoni, akanitazama, kisha akakaza kitenge chake kiunoni.

"Nashika wapi?"

"Maman, acha tu. Unaogopa."

"Naogopa, ndiyo. Nakuuliza, nashika wapi?"

Nikamwonyesha. Akamshika, midomo ikisema Salamu Maria. Sifa akajizungusha kidogo kwenye mkono wake. Maman hakuachia. Nikachoma haraka.

"Kumbe haitelezaka," akasema polepole. "Iko na baridi, lakini haitelezaka."

Sindano ilikwisha, yeye bado ameshika.

"Kwetu muntu mugonjwa tunamulalishaka mu jikoni, karibu na moto. Juu ya nini unaiacha huku mu baridi, na wewe unajiua na machupa?"

Nimesoma mengi kuhusu chatu. Lakini jiko ni la Maman, na kwa miaka yote hii nilimficha Sifa mbali nalo, bila hata kuuliza.

Tukabeba sanduku pamoja hadi jikoni, tukaliweka pale ukuta unapopata joto. Jioni Sifa alitoa ulimi, akajivuta mwenyewe hadi kwenye bakuli, akanywa maji. Mara ya kwanza tangu apasuliwe.

Kama atapona kabisa, sijui. Maman yuko jikoni anamenya viazi, kiti amekisogeza hatua mbili mbali na sanduku, jicho moja kwenye kisu na jingine kwa Sifa. Ameniambia nitoke, nikalale.

Naenda.