Mtoto Chini ya Kawa

Tingi, Kilwa

Bakari,

Huna haya. Barua yako nimeisoma mwenyewe, herufi moja moja kwa kidole, mpaka mboga ikaungua jikoni, nikidhani labda ni mimi nimekosea kusoma. Sikukosea. Umeandika kwa mkono wako kwamba umepewa kirungu na filimbi, kwamba wewe ndiye kiongozi wa kikosi cha kuwahamisha watu wa bondeni, na kwamba wale wabishi "tutawatoa kwa kibiriti." Halafu ukaongeza, "Mama, utajivunia." Ningekuwa karibu ningekuchapa kwa mwiko mbele ya hicho kikosi chako, na hiyo filimbi ningekusokomezea kooni ukawa unalia fii fii kila ukipumua.

Shikamoo yako nimeiona hapo juu ya karatasi. Marahaba sijaitoa. Utajua mbele kwa nini.

Haya, hujambo? Mkeo lile jipu la mgongoni limepasuka? Mvua huko Milola imeshuka au bado mnatazama mawingu? Sisi huku tu wazima, Mungu hakututupa, ila uzima wetu una makovu, na hayo makovu ndiyo nataka kukueleza. Kaa chini. Usinisome umesimama kama askari.

Unajua nilikuja huku kwa dada yako Zainabu kumlelea mtoto, maana yeye na mumewe Saidi wanashinda shambani. Mtoto mwenyewe ni mpwa wako Juma, ambaye mpaka leo hujamtia machoni, na wewe ndiye mjomba wake, na kwetu mtoto ana mjomba kabla hajawa na baba. Ana miaka miwili na kidogo. Meno ameota na anayatumia. Amening'ata mkono, amemng'ata jirani, amemng'ata mbuzi wa watu mkiani. Kuku wote wa nyumba hii wakimwona na mwiko wanapanda juu ya paa. Huyu si mtoto, Bakari, ni ngedere aliyefundishwa kusema "bibi."

Na mimi ukili wangu wa kusukia mikeka na makapu unaujua. Sisuki kwa kuuza, sijawahi. Mikono yangu isiposuka inawasha kama imeguswa na upupu. Nilipofika huku nikakuta ukindu mzuri kule kwenye majimaji, laini, mrefu, nikasema hapa nitakaa. Lakini utasuka vipi na Juma? Ukigeuka amefumua. Ukitia rangi anainywa. Siku moja Zainabu amerudi shambani akakuta mtoto mdomo wa zambarau mpaka kidevuni, akaangua kilio akidhani anakufa. Siku nyingine alimeza kete ya bao ya baba yake. Saidi ni mtu mpole, hana neno, lakini bao ndiyo roho yake. Alikaa nyuma ya nyumba na kijiti akichokoachokoa kinyesi cha mwanawe mpaka akaipata, akaiosha, akarudi kucheza. Mwenzake aliposikia ilikotoka akagoma kuishika.

Basi nikapata dawa. Nikasuka kapu kubwa, refu la kumfika Juma kifuani, nikawa namtia humo ninapofanya kazi zangu. Hupiga kelele, hutoa kichwa, hunitukana kwa lugha yake, kisha huchoka akalala. Akilala namfunika kwa kawa lile la kufunikia chakula, kwa ajili ya nzi. Kawa hilo lilikuwa jekundu na jeusi, kubwa kuliko yote niliyowahi kusuka, kila aliyepita alilisifu.

Zainabu hakupenda. Akaniambia, "Mama, mtoto si kitoweo."

Nikamjibu, "Kitoweo hakinyi. Huyu ananya. Mwache alale."

Alicheka mpaka akaketi chini. Tulikuwa tunaishi hivyo.

Sasa sikia. Sisi tuliambiwa tuhamie kijiji cha ujamaa kama hao watu wa bondeni huko kwenu. Mimi sikatai kijiji. Kijijini kuna shule, kuna zahanati, na hizi herufi unazozisoma nimefundishwa huko, darasa la watu wazima, na mimi ndiye niliyewashinda wote kwa hesabu. Saidi alikuwa keshapewa kiwanja karibu na barabara, kuta amesimamisha, anaezeka. Tulichoomba ni paa tu. Mtoto mdogo humpeleki kulala chini ya fito.

Wakaja asubuhi. Saidi na Zainabu wako kule kwenye kiwanja. Mimi niko nyuma ya nyumba na chungu changu cha rangi kinachemka, Juma amelala ndani kwenye kapu lake. Nikasikia lori, mara uani pamejaa vijana wa mgambo, si wa hapa, sura za kwao sizijui, na wengine wameshika mienge ya makuti. Kiongozi wao ni mnene, ana filimbi shingoni. Kama yako.

Akasema, "Bibi, panda lori. Siku zenu zimekwisha."

Nikasema, "Mkwe wangu anaezeka. Njoo Ijumaa."

"Serikali haina Ijumaa."

"Basi haina dini. Ondoka uani kwangu."

Akanishika mkono akanivuta. Mimi, Bakari. Mimi niliyemfukuza chui kwenye banda la mbuzi na wewe uko mgongoni. Nikachota rangi kwa upawa, inatokota, nikamwagia mguuni. Alilia kama ndama. Mwingine akanitandika kirungu begani nikaangukia kuni, na kabla sijainuka wameshanikamata, wananiburura kwa khanga yangu mwenyewe mpaka penye lori, magoti yanachubuka. Nikapiga kelele, "Mtoto yumo ndani, kuna mtoto amelala."

Yule mnene anajishika mguu, analia na kucheka. "Wote husema hivyo. Jana kibibi mwingine alisema ana mgonjwa ndani, tumeingia tumekuta mbuzi."

Hapo akasogea kijana mmoja mwembamba. Akainama mbele yangu kwa heshima kabisa, mwenge uko mkononi, akasema, "Shikamoo, Bibi."

Na mimi, kwa kuwa nimezoea, nikamwitikia, "Marahaba."

Akasema, "Ngoja nikatazame." Akamwachia mwenzake mwenge, akaenda mlangoni, akapiga hodi. Akavua viatu, Bakari. Akavipanga vizuri kando ya kizingiti, akaingia nyumba anayotaka kuichoma.

Nikashusha pumzi. Nikasema moyoni huyu amelelewa.

Akatoka. Akamwambia mnene, "Hamna mtu. Kuna mikeka, na kapu la chakula limefunikwa kawa."

Nikataka kusema funua, funua hilo kawa. Lakini aliyenishika alikuwa amenibana kinywa kwa kiganja chake chote. Nikamng'ata. Nikayakutanisha meno yangu yaliyobaki kwenye nyama ya mkono wake mpaka nikaonja damu, akanipiga kofi sikio likazizima, na nilipopata sauti mwenge ulikwisha kugusa makuti. Unajua makuti ya kiangazi. Hayachukui muda.

Jinsi nilivyowaponyoka siwezi kukueleza. Nakumbuka nilimpiga mtu kwa goti mahali pabaya. Nikaingia. Ndani moshi, makuti yanadondoka yanawaka, mikeka yangu yote ukutani inaruka moto, kazi ya msimu mzima. Kapu nikaliona. Lile kawa juu yake lilikuwa limeshika moto kuzunguka ukingo, linawaka kama duara, na katikati bado jekundu na jeusi. Nililifunua kwa mkono wa kushoto. Ngozi ya vidole ilibaki kwenye kawa.

Juma alikuwa amekaa, ameshaamka, macho haya hapa. Halii. Nywele upande mmoja zinafuka. Nikalivuta kapu zima na yeye ndani, nikatoka kinyumenyume, na paa likaanguka palepale tulipotoka. Ndipo akaanza kulia, na hao mashujaa wa kibiriti wote walimsikia.

Yule mwembamba alisimama mbele yangu. Akasema, "Bibi, sikuweza. Mama yangu alinifunza nisifunue kawa la watu. Kufunua chakula cha watu ni aibu."

Umesikia? Kuichoma nyumba ya mtu hakuona aibu. Kufunua kawa aliona aibu. Nilimpiga kwa kapu, nikampiga kwa ngumi, nikampiga kwa huu mkono usio na ngozi, na hakuinua hata kiwiko kujikinga. Nilipochoka alimchukua mtoto akakimbia naye mpaka zahanati, miguu mitupu, maana viatu vyake viliungua pale mlangoni alipovipanga.

Saidi alifika ameona moshi. Saidi yule mpole. Alikuwa na ubao wake wa bao kwapani, hutembea nao kama wengine wanavyotembea na redio. Alimpiga yule mnene kichwani kwa ule ubao mpaka ubao ukapasuka vipande viwili, akaendelea na kipande. Watu watatu walimtoa juu yake. Zainabu naye alikuwa ameokota jiwe, nikamzuia mimi, si kwa huruma, ni kwa kuwa mtoto anahitaji ziwa. Saidi akalala rumande, akaachiliwa, akarudi amevimba jicho. Yule mnene yuko hai. Mguu wake nasikia mpaka leo una zambarau.

Juma amepona. Sikio la kulia limebaki nusu, na begani ana kovu kama ramani. Bado anang'ata. Lakini kapuni haingii tena, ukimwonyesha kapu lolote anakojoa palepale alipo. Mkono wangu wa kushoto vidole vitatu vimegandana, haviachani. Nimejaribu kusuka kwa kushikia ukili kwa kidole gumba cha mguu, unatoka umepinda kama mkia wa mbwa. Sasa Juma hunishikia ncha. Anakaa mbele yangu ameibana kwa meno, mimi nasuka kwa kulia, akichoka anaiachia na kazi yote inafumuka, tunagombana, tunaanza upya. Tumepata ukili wa urefu wa pima moja tangu tuhamie hapa kijijini. Mbaya. Sijawahi kusuka ubaya kama huo na simruhusu mtu kuucheka.

Yule mwembamba aliuacha mgambo. Huja na mzigo wa ukindu kichwani, anautua mlangoni, anasema shikamoo. Ukindu naupokea. Shikamoo yake siiitikii. Nilimpa marahaba mara moja akiwa na mwenge mkononi, na mjukuu wangu nilikaribia kumzika. Ndiyo maana na yako nimeizuia. Mtu mwenye kibiriti hapati marahaba ya pili kwangu, hata kama nilimzaa kwa uchungu wa siku mbili.

Sasa nakuja kwako. Hao watu wa bondeni unaotaka kuwatoa ni nani? Ni mama yako mkubwa, dada yangu Fatuma. Usijifanye hujui. Anapoishi ni bondeni, ubishi anao, na masikio hana tena, ukimpigia filimbi atadhani ni nyenje. Nyumbani kwake kuna wajukuu wamejaa kama panya. Na huo ukili nani alinifundisha? Ni yeye. Mtoto kumlaza kapuni na kumfunika kwa kawa nilijifunza kwa nani? Kwake yeye. Nyumba yake ina makawa mengi kuliko vyungu. Wewe mwenyewe ulilala kwenye kapu lake mpaka ulipojua kutembea, juu yako kawa la kijani, ukimkojolea mpunga wake.

Najua kikosi chako. Vijana wazuri, wana adabu, watapiga hodi, watavua viatu. Wataona kawa na hawatalifunua. Hicho ndicho kinachoniogopesha usiku, si hao wasio na adabu.

Ningekuambia urudishe kirungu, lakini watampa mwingine asiyejua nyumba ya Fatuma. Baki nacho. Kibiriti ndicho sitaki kukisikia. Watu wana miguu, wabebeeni mizigo watembee. Nyumba ikibaki tupu mvua itaibomoa bure, haihitaji msaada wenu.

Salamu kwa mkeo, mwambie jipu alikande kwa maji ya moto, aache uvivu. Salamu kwa shangazi yako mpika maandazi, na kwa baba yako mdogo yule fundi baiskeli, mwambie deni la maneno baina yetu halijaisha. Zainabu anakusalimu, Saidi anakusalimu na anauliza kama huko kuna mti mzuri wa kuchongea bao. Juma hakusalimu, hakujui. Barua hii anaileta dereva wa lori la korosho, mpe maji ya kunywa, usimpe porojo.

Ni mimi niliyekuzaa, Somoe binti Hamisi, kwa mkono wangu wa kulia.

Ukimaliza kusoma usimwonyeshe mtu, wala usikae kujibu. Vua hiyo filimbi, nenda bondeni leo kwa miguu yako, ingia kwa mama yako mkubwa bila kuvua viatu, na kila kawa utakaloliona humo, lifunue.